Tindo ikivunjika, tuangalie moto kwanza kabla ya kulaumu maji

Juzi jamaa yangu anayepasua mawe kule Kajulu alirudi Kisumu na tindo vipande viwili. Ilikuwa ya springi ya lori, fundi akaipiga, akaipasha ikawa nyekundu, akaitumbukiza yote kwa maji ikalia tsss, na siku ya pili tu ikakatika. Pale base, kijiweni tunapopiga stori, hukumu ilitoka kabla chai ifike: "Omera, chuma haitaki haraka, angeiacha ipoe pole pole kwa majivu."

Wa majivu wana pointi, siwezi kataa. Chuma iliyopoa pole pole hujikunja kabla ivunjike, na iliyojikunja unairudisha kwa nyundo, lakini kipande kikiruka kinaweza kukutoa jicho. Kwa chuma ya geti hata mimi ningechukua majivu. Shida ni kwamba tindo ya majivu ukiipeleka kwa mawe, kufika saa sita ncha imekuwa butu kama kidole gumba, na hakuna mtu huja base kulalamika juu ya hiyo, maanake butu haipigi kelele venye kuvunjika hupiga.

Springi ina kaboni kama asilimia 0.6 hivi. Ukiipasha ipite digrii 727 mpangilio wa ndani unaanza kubadilika na kaboni inapata nafasi ya kujificha katikati ya chembe za chuma. Ikipoa kwa majivu, kaboni ina wakati wa kutoka na kujipanga kando, chuma inabaki laini. Ukiichovya ghafla inafungiwa humo humo kabla itoke, chembe zinabanana, na huko kubanana ndiko ugumu wenyewe, ile hali inaitwa martensaiti kwa jina la Mjerumani Adolf Martens. Yaani ile haraka tunayoitukana ndiyo kitu ulilipia.

Maji nayo hayako safi kabisa. Ngozi ya nje inakuwa ngumu kwanza, halafu katikati inafuata ikivimba kidogo, na ngozi inapasuka. Springi nyingi zina kromiamu kwa hivyo hata oili inatosha kuzikaza, na oili hupoza taratibu kuliko maji.

Lakini mimi niliomba nione ile tindo. Pale ilipokatika palikuwa na punje kubwa kubwa zinang'aa kama chumvi ya mawe. Chuma iliyokazwa vizuri ikivunjika huwa ya kijivu, laini kama unga uliochekechwa. Punje kubwa inamaanisha ilikaa kwa makaa moto kupita kiasi au muda mrefu sana, pengine fundi alikuwa kwa simu, na punje zikakua kabla hata ndoo ya maji isogezwe. Sisi tunabishana juu ya kupoa na kosa lilishafanyika kwa kupasha.

Na kwa hii mambo ya kupasha na kupoza kuna namba moja imekataa kutoka kichwani mwangu. Mwaka wa 1960 Pol Duwez na wenzake kule California walipoza mchanganyiko wa dhahabu na silikoni kwa kasi ya kama digrii milioni kwa sekunde, ikaganda bila fuwele hata moja, yaani bila zile punje ambazo chembe zake zimejipanga kwa mistari, kama kioo. Baadaye zikaja aloi, yaani michanganyiko ya metali, za zirkoniamu ambazo ni rahisi zaidi, kuna moja inaitwa Vitreloy 1, hiyo ukiipoza digrii 1 tu kwa sekunde inabaki kioo. Sasa chukua hicho kioo ukirudishe kiyeyuke bila fuwele kutokea njiani, unahitaji kama digrii 200 kwa sekunde. Njia ni ile ile, kurudi kunataka kasi mara 200! Nilikaa na hiyo siku mbili.

Ni kama shamba. Kwenye baridi mbegu za fuwele huota kwa wingi lakini hazikui, kwenye joto zinakua haraka ila mbegu mpya ni chache. Ukishuka kutoka juu unapita kwa joto, ndiyo mvua nzuri, kama hujapanda kitu, ukifika pa kupanda mvua imeisha. Ukija juu kutoka chini umeshamwaga mbegu zote, halafu unaziingiza kwenye mvua. Hiyo si chuma ya springi, najua, punje zake zina mambo yake, lakini inaonyesha venye kupasha si kupoa kuliogeuzwa, na sisi base tunauliza swali moja tu, ilipozwa na nini.

Fundi anayejua tindo huchovya ncha peke yake, anaisugua mbio na msasa, anatazama rangi ikitembea kutoka shingoni, ndiyo joto lililobaki likirudi kwa ncha kuipunguzia ugumu kidogo isivunjike, ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, na zambarau ikifika ncha anachovya mara ya pili. Kichwa kinaachwa laini kwa sababu ndicho kinapigwa nyundo. Ile ya jamaa yangu iliingia nzima, mara moja, ikauzwa.

Kwa hivyo akirudi kwa fundi abebe vipande vyote viwili, alalamikie makaa na hiyo safari ya pili ya kuirudishia joto ambayo haikufanyika. Siku ingine tindo iliyorudishwa motoni baada ya maji ikikatika, na ndani ya ufa kuwe na doa jeusi au la buluu, basi ufa ulikuwepo tangu ndooni, na hapo wa majivu watucheke vile wanataka.