"Ningekuoa" Si "Nitakuoa"

Kila nikiwa harusini, bwana na bibi harusi wakaingia ukumbini kwa wimbo wa "Malaika", hunishika simanzi. Wageni wanapunga vitambaa, vigelegele vinapaa, nami nimebaki na maneno. Anayeimba hajaoa. Wala haoi.

Yote yamo katika silabi moja: -nge-. "Nashindwa na mali sina we, ningekuoa malaika." Angekuwa na tumaini angesema "nitakuoa", hata kama ni mwakani, hata kama ni baada ya mavuno. "Ningekuoa" ni neno la mtu aliyekwisha kupiga hesabu ya mahari akaona haitimii. Na sikieni anavyojiita: "kijana mwenzio". Kwa umri wako sawa, kwa mapenzi pengine wako sawa, kinachowatenga ni mali tu.

Watu hubishana kuhusu mtunzi: wengine humtaja Fadhili William wa Kenya, aliyeurekodi miaka ya 1960, wengine Adam Salim wa Tanzania. Vyovyote iwavyo, aliyetunga aliijua aibu ya kijana anayependa na mfuko mtupu.

Miriam Makeba, aliyeutembeza wimbo huu duniani, alikuwa mwanamke, lakini aliimba "ningekuoa" vilevile. Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Nafurahi hakuligeuza neno hilo. "Ningeolewa nawe" yangekuwa malalamiko mengine kabisa, kwa sababu mzigo wa kutafuta mahari haumwangukii binti.

Halafu "pesa zasumbua roho yangu". Pesa ndizo zinazotenda, yeye anatendwa. Hazipo mfukoni, na bado zinamsumbua! Sijui kama kuna njia fupi zaidi ya kuueleza ufukara.

Lakini panaponiuma zaidi ni pale anapomwita kidege. Wengi siku hizi huimba "nakuwaza kidege", ni rahisi kueleweka. Mimi nashikilia lile la zamani, "hukuwaza kidege". Maana yake ya kwanza ni ya mazoea: mimi hukuwaza, kila siku nakufikiria. Ndiyo maana iliyokusudiwa, sina shaka. Ila Kiswahili kimeacha nyingine ndani ya herufi zilezile: wewe hukuwaza, hukunifikiria. Mpenzi anasema siku zote yuko nawe moyoni, na sikio linasikia lawama pia. Hakuna kinachobadilika, si herufi, si mkazo.

Malaika ana mabawa, kidege ana mabawa. Kijana hana. Toka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho anaita tu, na hakuna mahali tunaposikia binti akiitika. Nilipokuwa mdogo nilidhani kuna ubeti wa jibu ambao redio ilikuwa ikiukata.