Nilinunua diari tano, kazi haikupungua

Miaka mitatu iliyopita niliwanunulia wafanyakazi wangu diari. Tano, jalada gumu, kila moja na utepe wake wa kuwekea alama. Nikamwita na mkufunzi, akaja Jumamosi kuwafundisha kupanga muda. Kusema kweli alikuwa mzuri, tulicheka sana. Alichora ubaoni vyumba vinne vya kupanga kazi kwa uharaka na umuhimu wake, watu wakanakili. Jumatatu yake ilikuwa tarehe 18. Kufikia saa nane mchana hakuna aliyekuwa amekula, na diari moja ilikuwa imesukumwa chini ya mguu wa meza ya printa ili isicheze.

Nina ofisi ndogo ya uhasibu Dar es Salaam. Wateja wetu ni maduka ya vifaa vya ujenzi, famasi, mtu mwenye malori mawili matatu. Kalenda yetu hatuipangi sisi: kodi ya mishahara mwisho tarehe 7, ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, mwisho tarehe 20. Ukiichora kazi ya mwezi utapata milima miwili, kisha bonde refu baada ya tarehe 20 ambamo watu wanazunguka na viti vyao. Mteja naye analeta risiti tarehe 17. Zamani zilikuja kwenye mfuko wa rambo. Tangu mifuko ile ipigwe marufuku Juni 2019 zinakuja kwenye bahasha ya kaki, ila tarehe ni ileile. Nusu yake zimekaa juani kwenye dashibodi mpaka maandishi yamefifia, na binti wa watu anazigeuzageuza kwenye tochi ya simu akisaka tarakimu. Huyo ndiye niliyekuwa namfundisha kutunza muda.

Nilimwomba mmoja wao aandike kwa wiki mbili kila kinachomkatisha kazi. Akazungukazunguka, hataki. Nikadhani uvivu, kumbe alikuwa anaona haya. Daftari lilipofika mezani kwangu, jina lililojaa humo ni langu. Bosi: barua ya benki. Bosi: mteja wa Tegeta amefikia wapi. Bosi: ripoti ya wiki. Ripoti hiyo ilikuwa inamla Ijumaa yake mpaka mchana, nami nilikuwa nasoma ukurasa wa kwanza tu.

Nikamuuliza, sasa mbona hukusema? Akajibu, "Bosi, wewe ukiniita mimi nakuja."

Jibu hilo nimelifikiria sana. Ofisini kwetu "sawa bosi" ni salamu, haina maana kwamba kazi inawezekana. Halafu kuna neno lenyewe, "nimezidiwa". Kwetu anayezidiwa ni mgonjwa; ukipigiwa simu usiku ukaambiwa fulani kazidiwa, unatafuta nauli. Kijana wa miaka 26 mwenye afya yake atamwambiaje mkubwa wake kwamba kazidiwa na bahasha za risiti? Atanyamaza, atakaa mpaka usiku, na siku moja ataandika barua ya kuacha kazi ambayo wewe utaiona imetoka mbinguni.

Kwa hiyo siku hizi nikisikia mwajiri anatafuta semina ya muda kwa wafanyakazi wake, swali langu ni moja: yeye amewaondolea nini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku, saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Inataka pia saa 12 za mapumziko kati ya kutoka na kurudi. Haya nilikuwa nawasomea wateja wangu. Wangu mwenyewe, tarehe 19 anatoka saa mbili usiku, tarehe 20 saa moja asubuhi yupo kwenye kiti: saa 11, na njia ya kwenda kwake Chanika na kurudi imo humohumo. Ujumbe wangu wa WhatsApp wa saa tatu usiku sikuuhesabu kuwa kazi, kwa kuwa nilimalizia na "hata kesho sawa". Nani anausoma huo akalala?

Jirani yangu mwenye ofisi kama yangu anasema nawadekeza, vijana wanashinda TikTok. Wapo. Nilikuwa naye mmoja, tukaachana, na haikuhitaji mkufunzi.

Ripoti ya wiki nimeifuta. Mteja anayeleta risiti baada ya tarehe 12 analipa zaidi. Wengi walinuna mwezi mmoja wakazoea, mkubwa mmoja akaondoka, na ada yake naikumbuka mpaka leo kila tarehe ya kodi ya pango. Kwenye bonde watu wanaingia saa nne. Lililonishinda kwa muda mrefu ni ubao. Kazi zote za kila mtu zimeandikwa pale, na nikitaka kumwongezea mtu kazi lazima niende nifute nyingine yake kwa mkono wangu, wote wakiniona. Kuna siku nimesimama pale na kitambaa, nimetazama juu mpaka chini, nikarudi mezani kuifanya kazi hiyo mwenyewe.

Juni bado sijaiweza. Ritani za mwaka za kampuni zinazofunga hesabu Desemba mwisho wake tarehe 30, awamu ya pili ya kodi ya makadirio siku hiyohiyo, na VAT ya tarehe 20 nayo haiendi likizo. Mwaka huu nilianza kuwakumbusha wateja tangu Machi. Watatu wakaleta vitabu mapema. Wa nne alikuja na bahasha yake tarehe 26 Juni, akavuta kiti, akaomba na soda.