Bei ya jino tunaijua, ya mfupa je?

Mama mdogo anakula bukari huku ameshika kitambaa mkono wa kushoto. Kila tonge mbili anapangusa mdomo wa chini hata kama hakuna kitu, maana upande wa kulia hausikii. Mchuzi ukimtiririkia kidevuni, sisi ndio tunamwambia. Huu ni mwezi wa tano tangu aongezewe mfupa kwenye taya, hapa hapa Lubumbashi, ili baadaye apandikiziwe meno.

Sisemi muganga alikosea. Ukikata karibu na neva ya taya la chini, ganzi inaweza kuja hata mikononi mwa fundi hodari. Kwa wengi huisha baada ya wiki au miezi, kwa wachache hubaki. Ninacholalamikia ni jinsi alivyoambiwa. Karatasi ya Kifaransa alipewa akiwa ameshalala kwenye kiti, plastiki imefungwa shingoni, dola zimeshahesabiwa mapokezini. "Sinye hapa, mama." Akasinye. Mimi hiyo siiiti ruhusa.

Na sisi tuna letu. Jino likiuma tunang'oa, pengo linakaa miaka. Mfupa usio na jino hunywea: ndani ya miezi 12 ya kwanza ukingo wa taya unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake. Mama mdogo aling'oa magego mawili akiwa na mimba ya kitinda mimba wake, ambaye leo yuko chuo kikuu. Ile skrubu ya titani inayobeba jino la kupandikizwa, ambayo Msweden Per-Ingvar Brånemark alimwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, hushika kwa sababu mfupa hai unaikumbatia. Kwake hapakuwa na cha kukumbatia.

Basi wakamwekea chembechembe za mfupa wa ng'ombe (jirani akauliza kama ni ng'ombe wa Zambia), wakafunika kwa utando, wakashona. Fizi ikifunguka mapema, bakteria huingia na mfupa wote uliowekwa unaweza kupotea, hasa kwa mvuta sigara au mwenye sukari isiyotulia. Mama mdogo ana sukari. Habari hiyo aliisikia siku ya kutolewa nyuzi.

Taya la juu nalo lina yake. Juu ya magego kuna uwazi wa sinasi, yaani chumba cha hewa kinachoungana na pua, na ngozi yake nyembamba hutoboka kirahisi ikiinuliwa ili mfupa uwekwe. Unakatazwa kupenga kamasi, na ukipiga chafya uache mdomo wazi. Mwezi wa nane, na vumbi letu jekundu! Jaribu.

Mimi nadhani siku ya kuongea na siku ya kukata zisiwe moja. Kuna muganga aliyenijibu kwamba wagonjwa wakielezwa yote watakimbia. Wakimbie! Dantie, yaani meno bandia ya kuvaa na kuvua, haitaki mtu akatwe taya, na wengine ingewatosha kabisa.

Jumatano tunarudi kwa ajili ya skana. Mama mdogo ameniomba nimwandikie maswali kwa Kiswahili nyuma ya risiti ya zile dola. Nimeandika mawili: neva iko milimita ngapi kutoka mahali skrubu itakapoingia, na mfupa ukikataa kushika, nani analipa mara ya pili. La tatu ameliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: NA NIKIACHA HIVI HIVI?