Namba 14

Kibanda changu cha kinyozi kiko hapa Kondele, Kisumu, cha nne ukihesabu kutoka kwa fundi wa baiskeli. Nasema ukihesabu kwa sababu usipohesabu hunipati. Mwaka jana walikuja vijana wa matangazo na ngazi na madebe ya rangi, wakapaka vibanda vyetu tisa zambarau, mbele, ubavuni, hadi bawaba za mlango. Bure. Juu ya kila mlango wakaandika kwa herufi nyeupe: KUWA TOFAUTI. Mara tisa. Tukapewa na fulana, zambarau pia, saizi moja. Ya mwenye bucha inamkomea kitovuni.

Nilikubali mwenyewe, sibishi. Rangi ya bure nani anakataa? Lakini juzi jaduong' mmoja, mteja wangu wa miaka mingi ambaye macho yameanza kumchoka, aliingia buchani, akaketi, akavua kofia. Mwenye bucha alikuwa ananoa kisu. Mzee akamwambia, "Pembeni upunguze, juu uache." Ilibidi niitwe mbio.

Mpwa wangu anasomea biashara chuoni, na jioni huja kwangu kuchaji simu. Nilipomlalamikia alicheka. Eti mbinu hii ni ya kale. Mwaka 1929 kule New York, siku ya Pasaka, jamaa mmoja aitwaye Edward Bernays, aliyelipwa na kampuni ya sigara, alipanga wanawake wavute sigara hadharani mbele ya wapiga picha, na sigara zenyewe zikaitwa mienge ya uhuru. Yaani uhuru unauzwa kwa pakiti!

Kisha akanionyesha tangazo la Apple la tarehe 22 Januari 1984. Wanaume wameketi safu kwa safu, nguo moja, vichwa vipara, wanakodolea uso mkubwa unaowahubiria kwenye skrini. Mwanamke wa kaptula nyekundu anaingia mbio, anarusha nyundo, skrini inalipuka. Kijana ananitazama aone kama nimeguswa. Mimi nilikuwa nahesabu vichwa. Vipara vyote vile, kila wiki, shilingi 50 kwa kichwa! Yule mama anaharibia mtu biashara.

"Walikuwa wanauza nini?"

"Kompyuta, Mjomba. Macintosh."

"Ngapi?"

"Nyingi iwezekanavyo. Kila mtu awe nayo."

"Ili asifanane na nani sasa?"

Akachomoa simu yake, asilimia 40, akaenda.

Hata hivyo mbinu ni mbinu. Aliniambia nafasi zikiwa chache watu hukimbilia, na mtu akisifiwa mfuko unalegea. Nikakata kadibodi, nikaandika: KINYOZI WA PEKEE. LEO NAFASI 3 TU. WEWE SI KAMA WENGINE. Kabla ya saa sita benchi lilikuwa na watu saba, kila mmoja akiapa yeye ndiye wa tatu. Nilifurahi siku mbili. Ya tatu fundi viatu naye akatundika yake, FUNDI WA PEKEE, na mama wa chipsi akafuata: VIAZI SI KAMA WENGINE.

Kinachonimaliza hasa ni vichwa. Ukutani nina lile bango la mitindo, picha 24, kila moja na namba yake. Kijana anaingia: "Fundi, leo nataka kitu cha kunionyesha mimi ni nani." Haya. Anakagua bango lote, anakuna kidevu, anarudi nyuma hatua moja. "Namba 14." Wote! Mashine imeshaijua njia. Namba 9, mtindo safi kabisa, hajawahi kuuomba mtu, na yule wa kwenye picha ameanza kunitazama kwa huruma.

Jana mtu wa rangi amerudi na daftari. Zambarau imepauka, watapaka upya, na maneno yatabadilika: HAKUNA KAMA WEWE. Nikamwomba changu angalau kiwe kijani. Akashtuka kama nimemwomba figo.

"Mzee, utatuharibia mstari." Halafu akaangalia saa, akaketi. "Basi ninyoe haraka, nina mkutano. Ila nisifanane na wale wa ofisini."

Nikamfunga kitambaa shingoni. Namba hata sikuuliza.