Moshi Usioandikwa Kwenye Cheti cha Kifo

Kila mji mkubwa unapotangaza kwamba magari makuukuu hayataingia tena katikati, au yataingia kwa kulipia, mabishano huanza palepale, na wanaopinga ndio huwa na visa vya kusisimua zaidi. Wanaye fundi bomba ambaye gari lake la mizigo ndiyo karakana yake. Wanaye muuguzi anayetoka zamu alfajiri kabla basi la kwanza halijapita, na mstaafu aliyenunua gari la dizeli kwa sababu serikali ileile inayomtoza leo ndiyo iliyompunguzia kodi jana ili anunue dizeli. Upande wa pili huja na takwimu tu, na takwimu haina machozi.

Hoja za wanaopinga si za kubeza. Mwaka 2023 London ilipopanua eneo lake la moshi kidogo hadi likafunika mitaa yote ya jiji, magari ya petroli yasiyofikia kiwango cha Euro 4 na ya dizeli yasiyofikia Euro 6, viwango vya Ulaya vya kikomo cha moshi wa gari, yalitakiwa kulipa pauni 12.50 kwa siku. Tozo hiyo ni ileile kwa tajiri na kwa kibarua, na mwenye gari la zamani mara nyingi ndiye asiyeweza kununua jipya. Isitoshe, walioaminishwa kwamba wamenunua gari safi walikwisha kudanganywa mara moja: mwaka 2015 iligundulika kuwa Volkswagen ilikuwa imeweka katika magari yapatayo milioni 11 programu iliyotambua gari liko kwenye kipimo, ikapunguza gesi chafu kwa muda huo tu, kisha ikaziachia lilipotoka barabarani. Ni kweli pia kwamba hewa haichafuliwi na bomba la moshi peke yake. Vipo viwanda, vumbi, moto wa kupikia, na hata breki na matairi, ambayo gari la umeme nalo linayo.

Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni dhana inayojificha chini yake, kwamba madhara ya moshi ni ya kukisia huku hasara ya mwenye gari ikiwa ya kweli.

Chukua takwimu inayotajwa kuliko zote: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 uchafuzi wa hewa ya nje, wa kila chanzo na si wa magari pekee, ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2. Namba hii husomwa vibaya na pande zote mbili. Wanaharakati huitaja kana kwamba kuna mtu aliyepita hospitalini akihesabu maiti, na wapinzani hujibu kwa swali linaloonekana la haki kabisa: nitajie mmoja tu. Hakuna anayeweza kumtaja kirahisi, kwa kuwa hesabu hiyo haikutokana na majina. Ilitokana na kulinganisha watu wengi wanaovuta hewa chafu na wengine wanaovuta hewa safi zaidi, kisha kuuliza ni wangapi wasingekufa wakati ule. Marehemu mwenyewe ameandikiwa kiharusi, mshtuko wa moyo, saratani ya mapafu au homa ya mapafu. Daktari hakukosea, aliandika ugonjwa alioukuta mbele yake, na hewa aliyovuta mgonjwa kwa miaka thelathini haikuwa kitandani pamoja naye.

Hata hivyo yupo mmoja aliyetajwa. Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa msichana wa miaka 9 mwenye pumu kali, aliyeishi kusini-mashariki mwa London, mita chache kutoka barabara yenye msongamano mkubwa. Katika miaka yake mitatu ya mwisho alilazwa hospitalini karibu mara 30, na akafariki Februari 2013. Uchunguzi wa kwanza wa kifo chake haukuutaja uchafuzi wa hewa. Mama yake hakukubali. Mahakama kuu iliutengua uamuzi ule, na Desemba 2020 ofisa mchunguzi wa vifo, Philip Barlow, akaandika sababu tatu zinazofuatana: kushindwa kupumua, pumu kali, na kuvuta hewa chafu. Ndiyo mara ya kwanza nchini Uingereza hewa kuandikwa kuwa sababu ya kifo cha mtu. Mstari huo wa tatu ulichukua karibu miaka 8, ukahitaji wanasheria na profesa wa magonjwa ya mapafu aliyelinganisha tarehe za kulazwa kwake na vipimo vya hewa vya vituo vya jirani. Ni familia ngapi zina kituo cha kupimia hewa karibu na nyumba yao?

Anayedai ushahidi wa mtu mmojammoja, kwa hiyo, anadai kitu ambacho mfumo wetu wa kuandika vifo haukuundwa kukitoa.

Kinachowapotosha wengi zaidi ni macho. Tumezoea kulaani lori linalotema moshi mweusi, na kuliona gari lisilotoa moshi kuwa halina hatia. Lakini chembe zinazohofiwa zaidi zina kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, yaani unywele mmoja ni mnene kuliko hizo kwa takribani mara thelathini. Hupita puani na kooni bila kunaswa, na zile ndogo kabisa hupenya mapafu hadi kwenye damu. Zipo pia gesi za oksidi za nitrojeni, ambazo huwasha njia za hewa na kumzidishia mwenye pumu mashambulizi. Dizeli yenyewe haibishaniwi tena: mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wake katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani.

Naye dereva, anayejiona kuwa anatetea haki yake, amekaa katikati ya moshi huo. Foleni inaposimama, kiyoyozi kinavuta hewa kutoka mbele, mahali hasa lilipo bomba la gari linalotangulia. Wanaopanga nyumba kando ya barabara kuu nao hawakuchagua kelele na masizi. Walichagua kodi wanayoimudu. Maskini anayetajwa katika hoja ya tozo yupo pande zote mbili za kioo cha gari, na ni upande mmoja tu unaosemewa.

Kwa maoni yangu, kosa la serikali nyingi ni kuanzia kwa mwenye gari. Mafuta yangetangulia, kwa sababu salfa nyingi kwenye dizeli huharibu vifaa vya kusafisha moshi hata gari likiwa jipya. Petroli yenye risasi, ile metali yenye sumu, iliuzwa duniani kwa karibu karne nzima, na kituo cha mwisho kiliacha kuiuza Algeria mwaka 2021. Haikuondoka kwa kuwatoza madereva, iliondoka kwa sababu haikupatikana tena pampuni.

Ukaguzi ungefuata. Kichujio cha masizi, kinachonasa chembe ndani ya bomba la gari la dizeli, kikiziba, fundi hukikata, hukitoa matumbo, hulirudisha ganda lake mahali pake na kuizima taa ya onyo kwenye dashibodi. Gari linapata nguvu, na kipimo cha kawaida cha weusi wa moshi linakipita bila shida. Ndiyo maana Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, kati ya 2022 na 2023, zilianza kuingiza bombani mrija unaohesabu chembe zenyewe. Ujerumani imeweka kikomo cha chembe 250,000 kwa kila sentimita ya ujazo. Gari lenye kichujio kizima hubaki chini sana ya hapo. Lililotolewa matumbo hukivuka kikomo hicho injini ikiwa inanguruma tu mahali pamoja, huku mwenyewe akiwa amesimama nyuma yake haoni chochote.