Bwawa la Shemeji

Shemeji yangu karudi kutoka Marekani baada ya miaka tisa, na tangu siku aliyotua hatujala chakula bila bwawa. Wali ukitengwa, bwawa. Chai ikimiminwa, bwawa. Anakaa Las Vegas, na si mbali na kwake liko Lake Mead, bwawa lililopatikana kwa kuuziba mto Colorado kwa ukuta wa zege wenye kimo cha mita 221. Ukuta wenyewe unaitwa Hoover, aliuzindua Rais Roosevelt mwaka 1935. Haya yote nishayahifadhi kama juzuu amma.

Mimi bwawa nililolizoea ni lile la Mwanakwerekwe, masika yakichachamaa, daladala zikageuka mashua. Shemeji akacheka. Akasema lao likijaa lina urefu wa kilomita 180. Yakhe, Unguja mbili ukiziunga kichwa na miguu hazilifikii.

Lakini urefu nilisamehe. Kilichonichosha ni starehe zake. Ati watu wanakwenda na familia, kuna meza za kukalia, kuna majiko ya kuchomea nyama yamechimbiwa chini, huibi hata ukitaka. Boti zina njia yake ya zege ya kuteremkia majini. Vyoo vipo, na karatasi ndani.

"Na maji?" akauliza mama mkwe.

Shemeji akanywa chai.

Halafu ukitoka bwawani, boti lioshwe, limwagwe maji, likaushwe kabisa, kwani tangu 2007 wameingia chaza wadogo wageni, wanaitwa quagga, wananata kwenye kila kitu na kuziba mabomba.

"Wanalika?" mama mkwe tena.

Basi Jumapili akaamua kutufundisha kutembea. Twende Jambiani, tukakae ufukweni kama wanavyokaa wenzetu. Yeye alitoa meza ya kukunja, viti, na boti la kujaza upepo lililokula nusu ya sanduku lake (nilikuwa nikijiuliza zawadi zetu ziko wapi). Mimi nikatoa gari ya kukodi, mafuta, mchele, nyama na jasho.

Sasa, mimi ni mtoto wa mvuvi. Nilijua kuwa mwezi ulikuwa 14, na 14 ni bamvua, na bamvua upande ule maji yanakuwa yamekwenda zake kufika saa nne na nusu asubuhi. Nikalisema hilo tulipofika Tunguu. Hakuna aliyesikia, watoto wanaimba, shemeji anaeleza Roosevelt. Nikanyamaza. Mtu mzima hasemi mara mbili kwenye gari aliyoilipia mwenyewe. Pale Jozani tukapunguza mwendo kwenye matuta waliyowekewa kima punju wavuke salama. Kima wana matuta, mtaani kwangu watoto wanavuka kwa dua.

Tukafika saa tano. Kuufikia ufuo wenyewe ni mtihani mwingine. Mlinzi wa hoteli moja akatutazama mikononi kama tumevaa kile kibangili cha wageni, tulipokosa akatuonesha uchochoro baina ya kuta mbili, mpana kiasi cha kupita mtu na sufuria, lakini si mtu, sufuria na mama mkwe. Choo? Cha msikitini, ufunguo kwa muadhini, muadhini kaenda shamba.

Tukatokea ufukweni. Bahari hakuna.

Mchanga tu, vidimbwi, na wanawake wamejiinamia kwenye vijiti na kamba za mwani. Mawimbi yako kule mwambani, unayasikia kwa mbali kama redio ya jirani. Shemeji kasimama na boti lake begani, kimya. Mwisho akasema taratibu, "Kumbe na huku yamekauka?"

Hapo ndipo tulipopata habari ambayo mezani haikuwahi kufika. Lile bwawa linakauka! Ukame, na wanaoyavuta maji ni wengi. Mwaka 2022 lilishuka kiasi ambacho halijawahi kushuka tangu lilipokuwa likijazwa miaka ya 1930. Zile njia za zege zikaishia kwenye vumbi. Maboti yaliyozama zamani yakaibuka, na likaibuka pipa lina maiti ya mtu aliyeuawa miaka na miaka nyuma.

"Audhubillahi," akasema mama mkwe. "Na mnakwenda kuchoma nyama hapo?"

Nikamtuliza shemeji. Nikamwambia haya yetu yatarudi saa kumi, hayangoji majimbo saba ya Marekani yakae kikao kugawana mto. Hakuniamini. Akasema sheria ya kutembea ni kukaa karibu na maji. Tukayafuata. Tukavuka vidimbwi vya maji moto kama ya kukogea mzazi, sufuria ya pilau imefungwa kanga iko kichwani kwangu, mama mkwe anachagua pa kukanyaga. Bibi mmoja wa mwani akainua uso: "Mnahama?"

Tukakuta tuta la mchanga, meza ikasimama, mguu mmoja ukadidimia, nikauwekea ndara yangu. Pilau ikaliwa. Nami nikishakula pilau na upepo ule wa bahari, usiniulize dunia inakwendaje.

Niliamshwa na mgongo. Umelowa.

Bahari haikuja kwa mbele, mwanangu, ilizunguka nyuma. Mkondo wa upande wa pwani ulishajaa, sisi tuko kisiwani na masahani machafu. Wanawake wa mwani wote wameshatoka zamani. Mke wangu akanigeukia: "Wewe si mtoto wa mvuvi?" Nikamwambia nilisema Tunguu.

Shemeji anakanyaga pampu, boti linavimba upande mmoja kama shavu la mwenye jino. Watoto tukawabeba mabegani. Mama mkwe akavishwa jaketi la kuelea juu ya buibui, akapakiwa, akapakatishwa sufuria. Mimi na shemeji tukasukuma, maji kiunoni, na kila tukipumzika tunaulizwa kwa nini tumesimama. Meza iliondoka peke yake kuelekea kusini, na ndara yangu. Ufukweni wageni wamejipanga na simu zao wanapiga picha, na yule mlinzi wetu kafungua geti lote, anatupungia mkono tupite.

Mama mkwe alishuka mkavu, hata soksi. Akafunua sufuria, akaukagua ukoko, akafunika. Kisha akamtazama mwanawe.

"Na kule bwawani kwenu, boti husukumwa na mkwe vilevile?"