Pasipoti ya kwanza: je, mtu wa Kigoma aanzie Burundi?

Mtu wa Kigoma akipata pasipoti kwa mara ya kwanza, ndugu na majirani humuuliza anaenda wapi. Akisema Nairobi au Dubai, wanampongeza. Akisema Bujumbura, wanamshangaa: kuna nini kule, na Warundi wenyewe ndio wanaokuja kwetu? Maneno hayo utayasikia Mwanga, utayasikia Kibirizi, na mara nyingi anayeyasema hajawahi kuvuka mpaka wa Manyovu. Hata hivyo si ya kutupwa yote, kwa sababu ndani yake zimo hofu zenye msingi. Shida ni kwamba hofu hizo zimechanganyika na dharau isiyo na msingi, hata anayepanga safari hajui lipi alichukulie kwa uzito na lipi aliache lipite.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: aanzie Burundi, ila aipange safari hiyo kama mtu anayekwenda nchi ya mbali. Ukaribu ndio unaowaponza wengi.

Ukaribu wenyewe ni wa kweli. Bujumbura iko karibu na Kigoma mjini kuliko Tabora. Unapanda hadi Manyovu wilayani Buhigwe, unavuka kwenda Mugina, unateremka Nyanza-Lac, kisha unalifuata Ziwa Tanganyika kupitia Rumonge mpaka jijini. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, kwa hiyo Mtanzania halipii viza. Anayejua Kiha atasikilizana na Mrundi siku ya kwanza. Asiyejua Kiha atakikuta Kiswahili Nyanza-Lac, Rumonge, na zaidi ya kote Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura wenye mizizi ya biashara ya ziwani iliyopita Ujiji. Samaki wa mezani ni yule yule mgebuka, kule wanamwita mukeke. Kwa mtu ambaye hajawahi kukaa ugenini, haya ni mambo makubwa. Ataweza kuuliza njia, kupatana bei na kueleza anapoumwa bila kumtafuta mkalimani.

Hoja ya kwamba hakuna cha kuona naiona dhaifu kuliko zote. Sisi wa Kigoma tunajivunia kwamba Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, na wageni wanakuja kulitazama lile eneo la mnara. Wangapi kati yetu wanajua kilichofuata? Wazungu wale wawili walipanda mtumbwi wakaelekea kaskazini kuchunguza kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakakuta unaingia, na hapo tumaini la kuwa Tanganyika ndiyo inayoulisha Nile kwa njia hiyo likafifia. Njiani walilala Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, na jiwe la kumbukumbu liko pale mpaka leo. Nusu ya habari yetu iko upande wa pili wa mpaka, nasi hatujaifuata. Ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, zina makao yake Gishora, karibu na Gitega. Gitega kwenyewe kuna makumbusho ya taifa. Rutovu, milimani kusini, kuna chemchemi inayotajwa kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile, na piramidi ndogo iliyojengwa juu yake mwaka 1938. Nchi yenye eneo la kilomita za mraba zisizofika 28,000 haimchoshi mgeni kwa umbali.

Upande wa pili wa mizani ni mzito, na uzito wake mkubwa uko kwenye fedha na mafuta.

Tuanze na fedha. Wengi wetu tunaamini Burundi ni rahisi, kwa sababu shilingi yetu inaonekana kununua faranga nyingi. Lakini nyingi kwa bei ipi? Kuna bei ya benki, na kuna bei ya mtaani. Mwaka 2025 bei ya mtaani ya dola ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya benki. Sasa fikiria maana yake kwa mgeni. Mfanyabiashara aliyeleta sabuni, mchele au vipuri kutoka nje alinunua dola zake kwa bei ya mtaani, na bei ya dukani inafuata gharama hiyo. Wewe ukibadilisha benki unapata faranga kwa kiwango cha serikali, kisha unaingia duka linalouza kwa kiwango cha mtaa. Kila kitu kinakugharimu kama mara mbili ya ulichopigiwa hesabu Kigoma. Anayekwambia Bujumbura ni rahisi, mara nyingi ni mtu aliyebadilisha kwa wachenjaji wa barabarani, naye hakwambii kwamba kubadilisha hivyo ni kujiweka mikononi mwa polisi na matapeli kwa wakati mmoja. Kwa safari ya kwanza nasema bila kusita: piga bajeti yako kwa bei ya benki. Kama kwa bei hiyo safari haiwezekani, basi fedha bado hazijatosha, subiri. Tena usitegemee kadi ya benki. Beba fedha taslimu za safari nzima na akiba ya kurudia, na akiba hiyo isiguswe.

Mafuta nayo yamekuwa taabu ya miaka. Tangu 2021 upungufu umekuwa ukija na kurudi, na mwaka 2024 na 2025 magari yalipanga foleni kwa siku kadhaa vituoni huku petroli ya magendo ikivuka mipaka kwenye madumu. Kwa msafiri hilo lina maana mbili. Nauli inaweza kupanda ghafla, na gari uliloahidiwa linaweza lisiondoke. Ratiba za Kigoma, kwamba utaenda Jumamosi urudi Jumatatu uwahi kazini, hazifai kule. Ongeza siku za ziada mwishoni, wala usizijaze kitu. Mwajiri asiyekubali siku hizo amekwisha kukuamulia kwamba huu si wakati wa kwenda.

Kuhusu usalama, kumbukumbu zetu ni za karibu mno kuweza kuzungumza kwa wepesi. Mei 2015, baada ya Pierre Nkurunziza kutangazwa kugombea muhula wa tatu, makumi ya maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji chetu cha mwisho ziwani. Kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma kwa zamu ili wapelekwe kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Aliyeyaona hayo halaumiwi akiogopa. Ila Burundi tuliyoiona gatini ni nchi ya watu waliokuwa wanakimbia, na nchi nzima haiwezi kupimwa kwa siku zake mbaya zaidi. Tangu Juni 2020 Rais ni Évariste Ndayishimiye, na miaka yake haikuleta wimbi la wakimbizi kama lile. Hata hivyo mipaka mingine ya nchi hiyo si tulivu. Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, kwa hiyo anayeota kupitia Bujumbura hadi Kigali kwa basi asiipange ndoto hiyo bila kuuliza kwanza. Upande wa magharibi, vita vya mashariki ya Kongo viliwavusha maelfu ya watu mto Rusizi mwaka 2025, baada ya Bukavu kuangukia mikononi mwa waasi wa M23. Hifadhi ya Rusizi yenye viboko iko upande huo huo. Mimi ningeiacha kwa safari ya kwanza, nibaki kwenye mstari wa ziwa na, muda ukiruhusu, Gitega.

Hapo ndipo wanaopendekeza Nairobi wanapata hoja yao nzuri. Kule mabasi yanaondoka kwa saa, fedha zina bei moja, simu inalipa karibu kila kitu. Anayejifunza kusafiri, wanasema, ajifunzie mahali ambapo kosa lake halitamgharimu sana. Nakubali nusu. Lakini mtu wa Kigoma hafiki Nairobi bila kuivuka kwanza nchi yake karibu nzima, na nauli na malazi ya njiani vinaweza kumaliza fedha za wiki nzima ya Bujumbura. Halafu atakuwa mgeni kati ya mamilioni, katika jiji lisilo na uhusiano wowote na maisha yake. Bujumbura inamfundisha jambo linalomhusu, kwa sababu ziwa analolivua ndilo wanalolivua wao, na jirani yake wa sokoni ametoka huko.

Suala la karatasi nimeliweka hapa kwa makusudi, kwa kuwa watu wa mkoa wetu linawagusa kuliko wengine. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10, na zipo pia hati za dharura kwa safari fupi. Mwombaji anatakiwa kuleta kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa na ushahidi wa uraia wa wazazi. Kwa mikoa ya mpakani hatua hiyo ya mwisho ina maswali mengi, na Muha mwenye jina linalofanana na la Kirundi anaweza kurudishwa mara kadhaa kutafuta cheti cha babu. Inaumiza, hasa kwa mtu ambaye ukoo wake umezikwa Kasulu vizazi na vizazi. Kwa sababu hiyo hiyo, kuvuka kwa njia za panya ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Vijana wanaona ni kuokoa muda. Lakini asiye na muhuri wa kutoka hana pia ushahidi kwamba alitoka kwao akarudi kwao, na siku atakapoulizwa uraia wake atakuwa amejinyang'anya mwenyewe jibu lake bora. Gonga muhuri Manyovu, gonga Mugina, na unaporudi fanya vivyo hivyo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo uwe nayo, wataiuliza.

Liko kundi moja ambalo safari hii kwao si matembezi hata kidogo. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo upande wa Katavi. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wakapewa uraia wa Tanzania. Wengine wa kizazi hicho waliishi vijijini kwetu Kigoma. Watoto na wajukuu wao leo wana pasipoti ya Tanzania na wanataka kuona alikotoka bibi. Nawaelewa kabisa, na nadhani wana haki ya kwenda kuliko mtu yeyote. Lakini wajue wanaingia wapi. Waliokimbia 1972 wengi walitoka kusini, ukanda huo huo wa Rumonge na Nyanza-Lac, na mashamba yao yalichukuliwa na watu wengine, baadhi wakigawiwa na serikali. Waliporudi wenye mashamba miaka ya 2000, migogoro ikawa mingi hata serikali ikaunda tume ya ardhi mwaka 2006. Mgeni anayefika kijijini akauliza, kwa moyo safi kabisa, lile shamba la babu lilikuwa wapi, anaweza kuonekana amekuja kudai. Kwa safari ya kwanza ningemshauri aende kusalimia ndugu, azuru makaburi kama yanajulikana, habari za ardhi asizifungue hata akichokozwa. Na atangulize taarifa kwa mzee anayefahamiana na pande zote mbili, ili asifike ghafla.

Mengine ni madogo lakini yanaharibu siku. Saa ya Burundi iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Magari hupita kulia, kwa hiyo unapovuka barabara geuza kwanza shingo kushoto. Mwaka 2022 pikipiki na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya Bujumbura, basi usichukue chumba cha mbali ukitegemea bodaboda ya kukufikisha sokoni. Jumamosi asubuhi ni muda wa kazi za jamii na usafiri unapungua, panga kuvuka mpaka siku nyingine. Karatasi za hospitali na za polisi ni za Kifaransa, kwa hiyo kuwa na namba ya mwenyeji anayekijua. Usipige picha askari wala majengo ya serikali, na maoni yako ya siasa yaache nyumbani.

Kwa hiyo, nani aende na nani asubiri? Anayesafiri na mtoto mchanga, mgonjwa au mzee anayehitaji dawa za kila siku asubiri mpaka hali ya mafuta itulie, kwa sababu kukwama Rumonge na mgonjwa ni jambo zito. Asiye na fedha za kutosha kwa bei ya benki asubiri pia. Mwenye afya, mwenye siku za ziada na mwenye karatasi zake kamili asingoje reli inayojengwa kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi, iishe ndipo aende. Aende kiangazi, kati ya Juni na Septemba, kabla mvua hazijaanza kuleta maporomoko kwenye barabara ya kando ya ziwa. Wiki moja kabla apite ubalozi mdogo wa Burundi uliopo hapa Kigoma kuuliza hali ya mpaka, na awaulize pia madereva wa Manyovu walioshusha abiria siku hiyo hiyo, maana wao ndio watakaomwambia kama kuna gari la kutoka Mugina kesho.